Ile Video ya Farasi Niliifuta Mwenyewe

Wasee, tangu mwezi wa nne mmekuwa mkiniuliza swali moja: ile video ya farasi ilienda wapi? Ile ya farasi wa kahawia anayechechemea mwanzoni, halafu mama fulani anampapasa mgongo, anamwekea matone mdomoni, anammulika na taa nyekundu, na mwishoni farasi anatembea kama anaenda harusi. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote nilizowahi kuposti. Wengine mlidhani akaunti imefungiwa. Mmoja alidhani nimeiuza.

Niliifuta mwenyewe. Farasi yule alikufa, na siku anakufa nilikuwa pale na kamera mkononi. Nimechukua muda kuandika hii kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira ya kutukana watu. Halafu nikagundua hasira nyingi nilikuwa nayo dhidi yangu mimi.

Wacha nianzie mwanzo.

Wanaonijua wanajua niliacha kampo mwaka wa pili. Karo iliisha, hamu nayo ikaisha, sikurudi. Mathe bado husema "ukirudi shule" vile watu husema "mvua ikinyesha". Tangu hapo naishi kwa simu moja, taa mbili za kukodi na kuediti usiku. Kazi ya farasi niliipata kupitia boda mmoja anayepeleka mizigo upande wa Karen. Kulikuwa na zizi lililotaka kijana wa kupiga video fupi, elfu tano kwa kila moja. Elfu tano! Kwa hiyo pesa ningepiga hata video ya ukuta.

Mimi ni mtoto wa Githurai. Farasi kwangu walikuwa wale unaowaona kwa mbali ukipita na matatu karibu na uwanja wa mashindano wa Ngong Road. Sikuwa nimewahi kusimama kando ya mmoja. Manze, ni mnyama mkubwa. Kilo 450, 500 hivi, na anakuangalia kwa jicho kubwa kama limao, na ukiogopa anajua.

Farasi wenyewe walikuwa kumi na wawili, na anayewatunza anaitwa saisi. Sijalitunga hilo neno, ndilo wanalotumia zizini. Saisi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache, amefanya kazi na farasi tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Sitamtaja jina kwa sababu bado anahitaji kazi. Nilimwita mzee, yeye aliniita kijana.

Farasi wa video alikuwa jike wa miaka kumi na minne. Mwenyewe alimwita Pepper. Mzee alimwita Pilipili, na aliitika majina yote mawili. Mwenyewe ni mama wa miaka hamsini hivi, na kabla hamjaanza "wazungu na pesa zao", ni Mkenya kama wewe na mimi. Alikuwa na Pilipili miaka tisa. Akifika zizini anamnusa shingoni kabla hajamsalimia mtu yeyote. Namtaja hivyo ili ujue tangu sasa kwamba hii si stori ya mtu asiyejali mnyama wake. Alijali sana. Na tatizo lilianzia hapo.

Pilipili alikuwa na shida ya mgongo na mguu wa mbele, kitu cha kuja na kuondoka. Daktari wa mifugo alikuwa amesema apumzishwe, kwato zitengenezwe vizuri, apewe dawa ya maumivu kwa siku chache, kisha mazoezi polepole. Madam aliona hiyo ni jibu dogo kwa mnyama anayempenda hivyo. Akaleta mtaalamu wa tiba mbadala.

Na hapa ndipo nilipoingia dunia ambayo sikujua ipo. Kila unachosikia mtu anafanyiwa spa, farasi naye anafanyiwa. Masaji. Sindano za Kichina. Kunyoosha mgongo. Blanketi lenye sumaku. Taa nyekundu. Matone ya homeopathi kwenye chupa ndogo ya bluu. Kikao kimoja kilikuwa zaidi ya kile mzee analipwa kwa wiki, hiyo aliniambia mwenyewe bila uchungu, vile mtu anakuambia bei ya unga.

Mtaalamu hakuwa tapeli. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa mpole, ana mikono mizuri, farasi walimpenda. Aliamini kila alichofanya. Alikuwa na vyeti vya kozi alizosoma mtandaoni, na akizungumza unajisikia umetulia hata wewe.

Sasa, video. Kazi yangu ilikuwa kupiga "kabla" na "baada". Siku ya "kabla" nilimwomba mzee amtembeze Pilipili pale mlangoni, penye kokoto, kwa sababu mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri hapo. Alichechemea vizuri sana kwa kamera. Siku ya "baada" ilikuwa siku kumi mbele, na nikaomba atembezwe kwenye nyasi laini kule nyuma, kwa sababu kijani kinapendeza. Katikati hapo alikuwa amefanyiwa vikao vitatu. Pia alikuwa amepumzika siku kumi bila kupandwa, na mtengeneza kwato alikuwa amepita.

Mzee aliniangalia nikipiga ile ya pili akasema, "Kijana, hata mimi nikitembea kwa nyasi sichechemei."

Nilicheka. Nikaediti. Nikaweka muziki wa piano. Ikashika.

Sikudanganya kwa neno lolote. Kila picha ilikuwa ya kweli. Lakini mtu anayejua farasi kidogo tu anajua mguu wenye maumivu mara nyingi huonekana zaidi kwenye sehemu ngumu kuliko sehemu laini. Mimi sikujua. Niliambiwa, nikacheka. Na watu wenye farasi, punda, mbwa, waliandika chini ya ile video wakiuliza mtaalamu anapatikana wapi.

Wiki tano baadaye, Jumapili asubuhi, nilienda kupiga video ya pili. Nilifika saa mbili unusu. Pilipili alikuwa anapiga ardhi na mguu wa mbele, anageuka kuangalia ubavu wake, analala, anaamka, analala tena. Jasho shingoni. Mzee alikuwa amesimama kando yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiongea haraka.

"Ni tumbo," akasema. "Tangu alfajiri hajatoa mavi."

Kama hujui, tumbo kwa farasi si mchezo. Farasi hawezi kutapika, mwili wake haujaumbwa hivyo. Kikizuia kitu huko ndani, au utumbo ukijipinda, gesi na maji hujaa na hakuna njia ya kurudi juu. Wenye farasi duniani kote huogopa msokoto wa tumbo kuliko karibu kitu kingine chochote. Mara nyingi hupona kwa dawa na uangalizi. Mara nyingine ni utumbo umejisokota, na hapo unahesabu masaa.

Mzee aliweka vidole chini ya taya ya Pilipili, akaangalia saa yake, akahesabu sekunde kumi na tano. Kumi na sita. Mara nne: mapigo 64 kwa dakika. Farasi mzima aliyetulia huwa na 28 hadi 44.

"Madam, tuite daktari," akasema.

Madam alikuwa amefika, anatetemeka. Akachukua simu. Akampigia mtaalamu.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Hakuwa mjinga. Mtaalamu alikuwa ndiye mtu aliyemsaidia Pilipili mara ya mwisho, si ndiyo? Kulikuwa na video ya kuthibitisha. Video yangu.

Mtaalamu aliishi karibu, akafika kwa dakika ishirini. Akaweka matone. Akaanza kumsugua pale mabega yanapoungana na shingo, polepole, halafu masikioni. Na wueh, ilifanya kazi. Pilipili akaacha kupiga ardhi. Akasimama, kichwa chini, macho nusu. Madam akalia kwa furaha. Mimi nilikuwa narekodi. Nilikuwa hata nimeshapata kichwa cha video.

Mzee akahesabu tena. Ishirini na moja. Mara nne: 84.

"Madam, moyo unaenda juu," akasema. "Ametulia lakini moyo unaenda juu."

Mtaalamu akasema ni mwili unaachilia sumu, tumpe nafasi. Tukampa nafasi. Daktari wa mifugo aliitwa saa sita kasoro, akafika saa saba na kitu. Alimfunua mdomo, akaangalia ufizi, ulikuwa rangi ya zambarau chafu. Akapitisha mpira puani hadi tumboni, ukatoa maji mengi yanayonuka. Akaingiza mkono nyuma, akapapasa, akautoa, akavua glavu taratibu vile watu hufanya wakitafuta maneno.

Alituambia utumbo ulikuwa umejisokota na sehemu yake ilikuwa imekufa. Nikamuuliza, mimi mwenye kamera, mbona basi alikuwa ametulia? Akanijibu bila kuniangalia: sehemu ya utumbo iliyokufa haiumi tena vile ilivyokuwa ikiuma. Utulivu kama ule, na moyo unakimbia, ni dalili mbaya.

Kwa hiyo kile nilichokuwa narekodi kama uponyaji kilikuwa utumbo unakufa.

Hakusema tungemwita mapema angepona. Nilimuuliza hilo pia. Alisema angekuwa na nafasi, na sasa hana. Akamchoma sindano ya mwisho saa nane. Madam alikuwa amekaa chini kwenye vumbi ameshika kichwa chake. Mzee alivua kofia.

Nilifuta video usiku ule. Halafu, kwa kuwa sina digrii na nina muda, nikaanza kusoma. Wiki tatu nilisoma kuhusu tiba za farasi kuliko nilivyowahi kusoma chochote kampo. Nawapa niliyopata.

La kwanza, ile ya kumsugua. Mwaka 1993 watafiti walichapisha utafiti wa farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa. Walipowasugua sehemu ile ile ambapo farasi husuguana wenyewe kwa wenyewe, karibu na mabega, mapigo ya moyo yalishuka. Kwa hiyo masaji si uongo. Farasi kweli husikia raha. Lakini kumpa mnyama raha na kumtibu ni vitu viwili, na Jumapili ile sisi tulivichanganya. Ona pia: farasi wa utafiti moyo ulishuka. Wa Pilipili ulipanda. Jibu lilikuwa kwenye vidole vya mzee, na sisi tulikuwa tunaangalia macho yake yaliyolegea.

La pili ni stori ya Hans. Huyu alikuwa farasi wa Berlin, Ujerumani, miaka ya 1900 na kitu. Mwenyewe, mwalimu anayeitwa Wilhelm von Osten, aliamini Hans anajua hesabu. Unamuuliza mbili jumlisha tatu, anagonga kwato mara tano. Umati ulijaa. Mwaka 1904 kamati nzima ilimchunguza na haikuona ujanja wowote. Halafu mwanasaikolojia Oskar Pfungst akafanya kitu rahisi: aliyeuliza swali akawa hajui jibu, au farasi akawa hamwoni. Hans akafeli. Kumbe alikuwa anasoma watu. Akikaribia jibu sahihi, anayeuliza anabadilika kidogo sana, kichwa kinasogea, mwili unalegea, na Hans anaacha kugonga. Von Osten hakuwa mwizi, hata kiingilio hakutoza. Alimwamini tu farasi wake.

Mimi nikaona zizi letu pale. Farasi anakusoma kuliko unavyomsoma. Ukija na hofu anashtuka, ukija na mikono mipole na sauti ya chini anashusha kichwa. Wewe unaona ameshusha kichwa, unasema tiba imeingia.

La tatu lina jina refu lakini maana yake ni hii: mnyama hapati nafuu, anayepata nafuu ni mwenye mnyama. Mwaka 2012 kulichapishwa Marekani utafiti wa mbwa wenye maumivu ya viungo, kundi la wale ambao walipewa kidonge kisicho na dawa. Watafiti walikuwa na kifaa cha kupima nguvu ya kila mguu ukikanyaga. Kifaa kinasema hakuna mabadiliko, na bado wengi wa kundi la wenye mbwa walisema anaendelea vizuri. Na si wao tu. Madaktari wenyewe wakiangalia kwa macho walidanganyika pia, tena si kidogo. Sasa kama daktari anaweza kuona nafuu isiyokuwepo, mimi mwenye kamera na piano ni nani?

La nne, matone. Homeopathi ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796. Unachukua kitu, unakichanganya sehemu moja kwa mia ya maji au pombe, unachukua sehemu moja ya hiyo unachanganya tena kwa mia, hivyo hivyo. Chupa nyingi hurudia mara 30. Tuliofanya kemia kidato cha tatu tunaweza kupiga hesabu: ukifika mara ya 12 hivi, kuna uwezekano mdogo kwamba hata chembe moja ya kile kitu imebaki. Kwa hiyo Pilipili alipewa maji. Mwaka 2017 chuo cha kifalme cha madaktari wa mifugo cha Uingereza kilitoa msimamo kwamba homeopathi haina ushahidi wa kutosha, na isichukue nafasi ya matibabu yaliyothibitishwa. Soma tena hapo mwisho. Matone hayakumuua. Kilichomuua ni kuchukua nafasi.

Sasa, nisifanye kosa la kugeuka nikawa yule jamaa wa "sayansi ndiyo kila kitu". Si kila kitu kule zizini ni hewa. Kuna mazoezi ya kunyoosha ambayo mtaalamu yule yule alikuwa akifanya: unashika karoti, farasi anaifuata kwa shingo hadi ubavuni, hadi katikati ya miguu ya mbele. Mimi nilidhani ni mchezo. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa farasi wanane waliofanyishwa hivyo siku tano kwa wiki kwa miezi mitatu, na misuli midogo inayoshika uti wa mgongo ilionekana imenenepa kwa picha za mashine. Farasi wanane ni wachache, lakini ni kitu kilichopimwa. Karoti, na ni bei ya Marikiti. Sindano za Kichina nazo zina historia ndefu, kitabu cha tiba ya farasi cha ndugu wawili wa China kiliandikwa mwaka 1608 na bado kinatajwa. Kuhusu maumivu ya mgongo, tafiti zipo, ila nyingi ni ndogo na majibu yanagongana. Hapo siapi upande wowote.

Na madaktari nao si malaika. Kwa karne nyingi Ulaya, daktari wa farasi mwenye heshima alikuwa akichoma mguu uliovimba kwa chuma cha moto, akiamini kano litapona likiwa gumu zaidi. Ndiyo ilikuwa tiba kamili, si mbadala. Mwaka 1983 watafiti wa Bristol, Uingereza, walilinganisha na kuonyesha haisaidii. Huku kwetu wafugaji wengi wanachoma pia, ngamia, ng'ombe, punda, na ukienda Lamu utaona punda wenye makovu. Pale kuna hospitali ya punda tangu 1987, na sehemu ya kazi yake ni kuwaonyesha watu njia nyingine. Kwa hiyo usiniambie hii ni mambo ya wazungu, wala usiniambie ni ushamba wa Waafrika. Ni mambo ya watu. Tunamwona mnyama anateseka, hasemi, na mikono yetu inataka kufanya kitu.

Kilichonishangaza ni hiki. Kuna ugonjwa unaitwa homa ya farasi ya Afrika, unaenezwa na visubi, na ukishika mapafu karibu farasi wote wanakufa. Madam alikuwa anachanja Pilipili. Hakuwahi kusema tujaribu taa nyekundu kwanza. Kwa kitu kinachoua waziwazi, sote tunajua pa kwenda. Tunacheza na vile vya kuja na kuondoka, mgongo, mguu, kwa sababu vinaondoka vyenyewe, na yeyote aliyekuwa amesimama pale siku vinaondoka ndiye anapewa sifa. Halafu siku ya tumbo tunampigia yule mwenye sifa.

Sheria yetu ya mwaka 2011 inasema anayefanya kazi ya daktari wa mifugo lazima awe amesajiliwa na bodi. Sawa. Lakini Jumapili ile hakuna sheria iliyovunjwa na mtu aliyejiona anavunja sheria. Kulikuwa na mama anayelia, mtu mpole mwenye chupa, mzee ambaye hesabu yake haikuhesabiwa kwa sababu ni saisi, na kijana anayetafuta engo nzuri.

Hiyo ya mzee ndiyo inaniuma zaidi. Alijua. Alisema mara mbili. Alikuwa na namba. Sisi wengine tulikuwa na hisia, na hisia zikashinda namba kwa sababu namba ilitoka kwa mtu aliyevaa gambuti.

Mwezi uliopita nilimpigia madam. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile "kabla na baada". Nilimweleza kuhusu kokoto na nyasi. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amekata. Halafu akasema, "Nilikuwa najua alipumzishwa siku kumi. Nilitaka iwe ni kile nilicholipia." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo siku hizi nikiona video ya mnyama aliyepona, au mtu, nauliza vitu vitatu. Je, angepata nafuu kwa kupumzika tu? Ni nani aliyepima, na alipima kwa nini, kwa macho au kwa kitu kisichompenda mgonjwa? Na hii tiba inaongezwa juu ya daktari, au inakaa kwenye kiti chake? Ya kwanza na ya pili ukikosa jibu, utapoteza pesa. Ya tatu ukikosea, unaweza kumpoteza unayempenda.

Wiki mbili zilizopita nilipata dili. Kampuni fulani ya tembe za magoti, elfu kumi na tano, nipige video na shosh yangu akipanda ngazi, kabla na baada. Walikuwa wameona ile ya farasi kabla sijaifuta, wakaipenda sana. Niliwauliza walipima vipi kama zinafanya kazi. Wakajibu, "Boss tuma namba ya M-Pesa tuanze." Nimeikataa. Sijidai shujaa, kodi ya mwezi huu nimelipa kwa kuchelewa na caretaker bado ananiangalia vibaya. Lakini shosh ana magoti mabaya kweli, na najua kabisa ngazi gani za kumpandisha ili aonekane mzima.

Nilirudi zizini mara moja, bila malipo, nikamwomba mzee anifundishe kuhesabu mapigo ya farasi. Unatafuta mshipa chini ya taya, unasukuma kidogo kwa vidole viwili, si kidole gumba kwa sababu kina mapigo yake. Sekunde kumi na tano, mara nne. Tukaipiga video, dakika moja na nusu, mikono ya mzee tu na sauti yake, bila muziki. Hata kwa punda inafanya kazi, ila mapigo ya punda huwa juu kidogo.

Imetazamwa na watu mia tatu na kitu. Hiyo siifuti.